Kuchimbua Historia ya Jiji Kupitia Maktaba ya Umma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Karibu kila jiji lina kitabu kimoja au viwili vya historia yake: nani aliliasisi, vita gani vilipita, meya yupi alijenga daraja lipi. Visome, lakini usiishie hapo. Historia ya jiji kama walivyoliishi watu wake, yaani mitaa, maduka, wapangaji, mabomba ya maji na nyumba zilizobomolewa, imelala kwenye karatasi ambazo waliozitengeneza hawakuwa na nia ya kuandika historia. Kampuni ya bima ilitaka kujua jengo lipi litashika moto upesi. Mchapishaji wa kitabu cha anwani alitaka kuuza matangazo. Karani wa halmashauri aliandika yaliyosemwa kikaoni kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hakuna kati yao aliyekuwa akijaribu kulipamba jiji mbele ya msomaji wa leo, na ndiyo maana nawaamini kuliko mwandishi wa kitabu cha jubilei, kile kinachotolewa kuusifia mji unapoadhimisha miaka yake.

Nyingi kati ya karatasi hizo zimo katika maktaba za umma, kwenye chumba au kona ya historia ya mji ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona. Huhitaji shahada wala barua ya chuo. Unahitaji swali zuri, subira, penseli na mpangilio wa kazi.

Hatua ya 1: Chagua kitu kidogo

Anayeingia maktaba akasema "nataka historia ya jiji" ataletewa kile kitabu cha jubilei. Chagua jengo moja, kona moja ya barabara, soko, kiwanda kilichofungwa, njia ya tramu iliyong'olewa au shule. Kisha kigeuze kiwe swali lenye mahali, muda na watu: "Kwenye kiwanja hiki palikuwa na nini kabla benki haijajengwa, na waliokuwapo walikwenda wapi?" Mkutubi akisikia swali la namna hiyo, anajua mara moja aanzie kabati lipi.

Usiogope udogo wake. Kona moja ikifuatiliwa kwa miaka themanini itakupitisha kwenye uhamiaji, moto, biashara, ubaguzi, umeme, magari na mipango miji, na kila jambo litakuja likiwa na jina la mtu na namba ya nyumba. Anayeanza na jiji zima hubaki na maelezo ya jumla ambayo yangeweza kusemwa juu ya jiji lolote.

Hatua ya 2: Kusanya majina na namba za zamani

Kazi hii ifanye kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Jina la mtaa unalolijua leo huenda halikuwapo wakati unaoutafuta. Saint Petersburg iliitwa Petrograd mwaka 1914, ikawa Leningrad mwaka 1924, kisha ikarudishiwa jina la kwanza mwaka 1991. Ikiwa jiji zima hubadilishwa jina hivyo, mitaa yake je? Katalogi haitambui kwamba mtaa wenye majina matatu ni mtaa mmoja. Picha iliyoandikishwa kwa jina la mwaka 1930 itapatikana kwa jina hilohilo la mwaka 1930.

Namba za nyumba ni mtego mkubwa zaidi. Chicago ilizipanga upya mwaka 1909, ikihesabu kuanzia makutano ya barabara za State na Madison, kwa hiyo anwani iliyoandikwa mwaka 1905 haiko pale palipo na anwani hiyohiyo leo. Paris ilipata utaratibu wake mwaka 1805, namba zikipangwa kwa kuufuata mto Seine. Katika barabara nyingi za zamani za Berlin, namba hupanda upande mmoja hadi mwisho wa barabara kisha hurudi kwa upande wa pili, hivyo namba 1 inaweza kutazamana na namba kubwa kuliko zote. Miji iliyopitia mabadiliko ya aina hii mara nyingi ilichapisha jedwali la kulinganisha namba za zamani na mpya. Uliza kama maktaba inalo kabla hujaomba kitu kingine chochote.

Angalia pia mipaka ya utawala. Kitongoji cha leo pengine kilikuwa mji wenye meya wake na magazeti yake. Brooklyn ilikuwa jiji linalojitegemea mpaka mwaka 1898 ilipounganishwa na New York, na anayetafuta mambo yake ya kabla ya hapo chini ya jina la New York hupoteza siku bure. Mwishowe uwe na karatasi moja yenye kila jina, kila tahajia, kila lugha iliyotumika na kila eneo la utawala ambalo mahali pako pamewahi kuwa chini yake. Karatasi hiyo utatembea nayo mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya 3: Zungumza na mkutubi

Mwandikie au mpigie simu kabla ya kwenda. Vitu vya thamani mara nyingi huhifadhiwa ghalani, wakati mwingine katika jengo jingine kabisa, na huletwa kwa kuagizwa. Mweleze swali lako, miaka unayoitafuta, na ulichokwisha kukiona ili asikurudishe kulekule.

Ukifika naye ana kwa ana, muulize maswali matatu. Kwanza: kipi mnacho ambacho hakionekani kwenye katalogi ya mtandaoni? Katika maktaba nyingi jibu ni "vingi". Pili: je, kuna faharasa ya kadi? Wakutubi wa vizazi vilivyopita waliketi wakasoma magazeti ya mji siku baada ya siku, wakaandika kwenye kadi kila jina la mtu, jengo na tukio, pamoja na tarehe na ukurasa. Droo za kadi hizo zinaweza kukuokolea miezi. Tatu: nani mwingine amewahi kuulizia mahali hapa? Mkutubi hawezi kukutolea siri za wasomaji wake, lakini anaweza kukuelekeza kwa chama cha historia ya mtaa au kwenye makala ambayo haijaingia popote.

Rafu zenyewe zikague pia, ila usizitegemee. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, huweka historia na jiografia kwenye namba za 900, na ukoo kwenye 929. Lakini historia ya jiji hutawanyika: ripoti za maji huwa kwenye uhandisi, shule kwenye elimu, hospitali kwenye tiba. Vyumba vingi vya historia ya mji pia vina mpangilio wao wenyewe ambao mgeni hawezi kuubahatisha.

Sheria za chumba cha nyaraka zina sababu. Kalamu ya wino hairuhusiwi, kwani doa la wino haliondoki. Mikono iwe safi na mikavu. Glovu hutumika zaidi kwa picha na negativu, kwa sababu mafuta ya vidole huziharibu; kwa karatasi za kawaida, glovu za pamba hupunguza wepesi wa vidole na huweza kusababisha kurasa kuchanika.

Hatua ya 4: Anza na ramani

Ramani ndiyo itakayokuonyesha nini cha kutafuta kwingine kote, na ramani bora kuliko zote kwa kazi hii ni za bima ya moto. Nchini Marekani, kampuni ya Sanborn ilianza kuzichora miaka ya 1860 na mwishowe ikafikia miji na vitongoji takriban 12,000. Charles Goad alifanya kazi ya namna hiyo Kanada, kisha Uingereza. Kampuni za bima zilitaka kukadiria hatari bila kumtuma mtu kila mara, kwa hiyo ramani zinaonyesha jengo mojamoja: idadi ya ghorofa, aina ya paa, mahali pa milango na madirisha, bomba la maji la karibu na kazi inayofanyika ndani.

Kwenye ramani za Sanborn, waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe na kijivu ni chuma. Herufi D ni nyumba ya kuishi, S ni duka. Ukishazoea rangi hizo, karatasi moja inakueleza mtaa ulikuwa wa watu wenye uwezo gani: safu ya njano iliyobanana nyuma ya kiwanda cha rangi haihitaji maelezo marefu.

Usitazame toleo moja tu. Omba matoleo yote ya eneo lako, uyapange kwa miaka, kisha uandike kilichobadilika kati ya toleo na toleo. Chunguza karatasi yenyewe pia: kampuni hizo zilituma vipande vya masahihisho vibandikwe juu ya ramani ya zamani, hivyo ramani inayodai kuwa ya mwaka fulani inaweza kuwa na majengo ya miaka mingi baadaye. Kibandiko huonekana ukiitazama karatasi kwa pembeni, penye mwanga.

Kuna pia michoro ya jiji linaloonekana kama kutoka angani, iliyopendwa sana mwishoni mwa karne ya 19. Ni mizuri na inavutia, lakini mingi ilitengenezwa kuusifia mji, na baadhi huonyesha majengo yaliyokuwa yamepangwa tu. Itumie baada ya ramani za bima, usiitangulize.

Mengi ya haya sasa yanatazamwa kupitia intaneti. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka wazi ramani nyingi za Sanborn. Maktaba ya umma ya New York na ile ya Boston zimelaza ramani za zamani juu ya ramani ya leo, ili uweze kusimama barabarani na simu mkononi ukaona kilichokuwa chini ya miguu yako. Hata hivyo, ramani ya kidijiti mara nyingi ni ya toleo moja au mawili, na matoleo mengine hubaki kwenye droo. Uliza.

Hatua ya 5: Wape majengo watu

Ramani imekuambia kulikuwa na duka. Lilikuwa la nani? Hapo ndipo vitabu vya anwani vya jiji vinapoingia. Kabla ya simu kuenea, wachapishaji walituma watu mlango kwa mlango kuandika jina, kazi na makazi ya wakazi, kisha wakachapa kitabu, mara nyingi kila mwaka. Vingi vina sehemu mbili: ya majina kwa alfabeti, na ya mitaa, ambapo kila nyumba imepangwa kwa namba. Sehemu ya mitaa ndiyo dhahabu. Ifungue kwenye mtaa wako, nakili wakazi wote wa upande ule na upande wa pili, kisha rudia kila baada ya miaka mitano. Ukiona badiliko kubwa, punguza hatua, tazama kila mwaka.

Vyumba vingi vya historia ya mji vina safu ndefu ya vitabu hivi, na ndiyo rafu ninayoipenda kuliko zote. Ndani yake utaona fundi cherehani akigeuka mwenye duka la nguo. Utaona mke akitokea kwa jina lake siku alipofiwa, kwa sababu wachapishaji wengi waliandika mkuu wa kaya peke yake, na mwanamke alipata mstari wake alipokuwa mjane. Matangazo ya biashara nayo yasome. Huwa na picha za majengo ambazo hazipo kwingine.

Zingatia mambo mawili. Taarifa zilikusanywa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, kwa hiyo kitabu cha mwaka 1912 mara nyingi kinaeleza hali ya mwaka 1911. Na mtu kukosekana si ushahidi kwamba hakuwapo. Wapangaji wa chumba kimoja, wahamiaji wapya na maskini walirukwa mara kwa mara.

Kumbukumbu za sensa zinaziba sehemu ya mapengo hayo, ila zina kufuli la muda. Marekani hufungua majina baada ya miaka 72, na ndiyo maana sensa ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Uingereza husubiri miaka 100. Sensa ya England na Wales ya mwaka 1921 nayo ilifunguliwa mwaka 2022. Ya mwaka 1931 haitafunguliwa kamwe, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Maktaba nyingi hulipia tovuti za ukoo ambazo nyumbani ungezilipia mwenyewe, na ukiwa kwenye kompyuta ya maktaba unazitumia bure. Ni huduma inayosahaulika mno.

Hatua ya 6: Soma magazeti, lakini uwe na tarehe

Kuingia kwenye magazeti bila tarehe ni kuzama. Kwa sababu hiyo nayaweka baada ya ramani na anwani: sasa unajua kwamba jengo lilitoweka kati ya mwaka huu na ule, na kwamba mwenye duka aliitwa fulani. Tafuta wiki hizo.

Magazeti yaliyowekwa mtandaoni ni hazina: Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand, Gallica ya Ufaransa, Delpher ya Uholanzi. Zote ni bure. Kumbuka tu kwamba programu iliyosoma kurasa hizo hukosea, hasa pale wino ulipofifia au herufi zilipokuwa za mtindo wa zamani. Jina lisipopatikana, tafuta namba ya nyumba pamoja na jina la barabara, tafuta jina la jirani, tafuta kazi ya mtu, au tahajia potofu ambayo mashine ingeweza kuiona: "rn" badala ya "m", "f" badala ya "s" ndefu ya zamani. Kwenye Trove msomaji yeyote anaweza kusahihisha maandishi, na masahihisho yako yatamsaidia atakayekuja.

Magazeti mengi ya miji midogo bado yako kwenye maikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa. Mashine yake huchosha macho, kwa hiyo fanya vipindi vifupi. Faida yake ni kwamba inakulazimisha uone ukurasa mzima: habari unayoitafuta, na kando yake bei, matangazo ya kazi, tanzia, ratiba za treni na matangazo ya kisheria ya uuzaji wa viwanja. Yule anayetafuta kwa neno moja kwenye kompyuta hupata mstari wake na kuondoka bila kujua siku ile mji ulikuwa ukizungumza nini.

Jiji likiwa na magazeti mawili yanayopingana, soma yote mawili. Mgomo wa wafanyakazi wa tramu katika gazeti la wenye mali na katika gazeti la wafanyakazi ni kama migomo miwili tofauti. Andika zote mbili, na uandike nani alikuwa mmiliki wa kila gazeti.

Hatua ya 7: Tafsiri picha, usizitazame tu

Picha huwavuta watu kuliko kitu chochote, na ndiyo hudanganya kwa urahisi zaidi. Maelezo yaliyoandikwa nyuma mara nyingi yaliwekwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekuwa akikumbuka, kwa hiyo tarehe yake ipime.

Njia ya uhakika ni mabango ya maduka. Tuseme picha inaonyesha duka la viatu na, mlango wa pili, mpiga picha. Kwenye kitabu cha anwani, duka la viatu limo kuanzia mwaka 1908 hadi 1914, na mpiga picha kuanzia 1912 hadi 1920. Picha ni ya kati ya mwaka 1912 na 1914. Ukiongeza tarehe ya nyaya za umeme au reli za tramu kutoka ripoti za halmashauri, unaweza kufikia mwaka mmoja. Kwa postikadi kuna kipimo kingine: nafasi ya kuandika ujumbe upande wa anwani iliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907. Kadi ya huko ambayo nyuma imegawanywa sehemu mbili haikuchapwa kabla ya hapo.

Jiulize pia nani alilipa, na kwa nini. Charles Marville aliajiriwa na jiji la Paris katika miaka ya 1860 kupiga picha mitaa iliyokuwa ikingoja kubomolewa katika mipango ya Haussmann, aliyesimamia kujengwa upya kwa Paris. Mitaa yake ni mitupu na ya kimya, na mtu anaweza kudhani ilikuwa mahame. Sababu kubwa ni kwamba kamera ilihitaji muda mrefu kunasa taswira, na aliyetembea hakuacha alama. Watu walikuwapo.

Hatua ya 8: Omba majalada na vikaratasi

Hiki ndicho kitu cha kuomba kuliko vyote, na ndicho kisichoombwa. Karibu kila chumba cha historia ya mji kina makabati ya majalada yaliyopangwa kwa mada: hoteli, mafuriko, masinema, familia fulani. Ndani yake wakutubi wametia vipande vya magazeti, vipeperushi, barua za wasomaji, programu za michezo ya kuigiza, menyu, mialiko, kadi za biashara, na mara nyingine karatasi ya mtafiti aliyekutangulia. Hakuna kitabu kinachoweza kukupa mkusanyiko wa namna hiyo, na katalogi mara nyingi huutaja kwa neno moja tu au haiutaji.

Vikaratasi hivi vilitengenezwa vitupwe, ndiyo maana vilivyobaki vina thamani. Katika maktaba ya umma ya New York, Frank Buttolph alianza kukusanya menyu za mikahawa mwaka 1900, na leo mtafiti wa chakula, bei au uhamiaji hawezi kuzikwepa. Kwenye jalada lako, tafuta tarehe na anwani. Kipande cha gazeti kisicho na tarehe kigeuze: habari iliyo upande wa pili mara nyingi inatosha kuipata.

Tafuta pia kanda za masimulizi, ikiwa maktaba imewahi kuwahoji wazee wa mji. Sikiliza sauti yenyewe hata kama kuna maandishi, kwa kuwa kusita, kicheko na jina lililotamkwa kwa lafudhi ya mtaa hupotea kwenye karatasi. Mzee anaweza kukosea mwaka, na mwaka utauthibitisha kwingine. Lakini mlango upi ulikuwa wazi kwa nani, na nani aliingilia uani, hayo yeye ndiye anayeyajua.

Hatua ya 9: Chunguza mapengo

Sasa tazama karatasi zako uulize nani hayumo. Makusanyo yalikusanywa na watu, na watu walichagua. Katika miji mingi ya Marekani, vitabu vya anwani viliweka alama ya "c" au "col." mbele ya majina ya watu weusi, na biashara zao nyingi hazikuandikwa kabisa. Ili kuziona, lazima uende kwenye mkusanyiko uliojengwa na walioachwa nje. Arturo Schomburg, aliyezaliwa Puerto Rico, alikusanya vitabu na nyaraka za watu wenye asili ya Afrika kwa miaka mingi, na mwaka 1926 mkusanyiko wake ukaingia kwenye tawi la maktaba ya umma ya New York huko Harlem. Leo kituo chenye jina lake kimeweka mtandaoni matoleo ya Green Book, kitabu cha mwongozo wa wasafiri weusi kilichoanza mwaka 1936, ambacho kinaorodhesha hoteli, vinyozi na vituo vya mafuta vilivyowapokea, mji kwa mji. Mtaa unaoonekana mtupu kwenye kitabu cha anwani cha kawaida unaweza kujaa uhai humo.

Mapengo mengine yaliletwa na moto na vita. Mwaka 1871 ukumbi wa jiji la Paris uliteketea pamoja na maktaba yake. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibika baada ya moto wa mwaka 1921, na kwa miaka hiyo vitabu vya anwani ndivyo mbadala mkuu. Ofisi ya nyaraka ya Dublin ililipuliwa mwaka 1922, na karne moja baadaye watafiti waliungana kutafuta nakala zilizokuwa zimetumwa kwenye hifadhi za nchi nyingine, wakaanza kuijenga upya kidijiti. Fuata mfano huo: nyaraka yako ikiwa imepotea, jiulize nakala ilipelekwa kwa nani.

Na wakati mwingine jibu haliko maktabani. Maktaba hutunza zaidi vilivyochapishwa na vilivyotolewa kama zawadi. Hati za ardhi, kesi na vibali vya ujenzi kwa kawaida huwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji au ofisi ya ardhi. Kati ya mwaka 1939 na 1941, New York ilipiga picha kila jengo la jiji kwa ajili ya kodi, na picha hizo ziko kwenye hifadhi ya manispaa. Mkutubi atakuambia mlango wa kubisha, nawe utafika huko ukiwa na anwani, mwaka na jina mkononi.

Hatua ya 10: Andika ulikotoa, tangu siku ya kwanza

Kabla ya kupiga picha ukurasa wowote, piga picha ya jalada la kitabu au lebo ya sanduku. Andika jina la mkusanyiko, namba ya sanduku, ya jalada na ya ukurasa, na tarehe uliyoiona. Usitumie mmweko wa kamera. Karatasi za jalada zirudishe kwa mpangilio uleule ulivyozikuta, hata kama unaona umekosewa. Mwambie mkutubi, usiupange mwenyewe.

Kisha panga taarifa kwa mwaka, katika jedwali lenye safu nne: mwaka, nini kilikuwapo, chanzo, na una uhakika kiasi gani. Safu ya mwisho ni ya lazima. Kitu kilichotajwa na ramani, kitabu cha anwani na gazeti ni imara. Kitu kilichotajwa na kumbukumbu ya mtu mmoja kiandike hivyohivyo, kama kumbukumbu ya mtu mmoja. Ukitaka kuchapisha picha, uliza kuhusu hakimiliki. Maktaba kuwa nayo hakumaanishi ina ruhusa ya kukupa.

Hatua ya 11: Rudisha ulichopata

Jalada lile lililokusaidia lilijazwa na watu kama wewe. Ukigundua maelezo ya picha yana makosa, mwandikie mkutubi ukimwonyesha ushahidi, naye atarekebisha katalogi. Ukiwa na picha za familia zinazoonyesha mtaa, uliza kama wangependa kuzinakili. Na kazi yako ikikamilika, hata ikiwa kurasa tano, chapa nakala moja uipeleke. Kwenye ukurasa wa kwanza andika tarehe, jina la sasa la mtaa pamoja na majina yake yote ya zamani, namba ya nyumba ya zamani na ya leo, miaka uliyoishughulikia, na maswali ambayo hukupata jibu lake. Omba iwekwe kwenye jalada la mtaa huo.